Msalaba wa Jiwe Ulivyoninasa Mkono Mazishini

Leo nimeaibika mbele ya watu na mbele ya marehemu, na ni marehemu peke yake ambaye hakucheka.

Naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kabla Aneth hajawatumia picha. Wengi humu mnanijua. Kwa mlioongezwa kwenye kundi juzi: naitwa Elisante, mtu wa Singida, nakaa Mount Druitt, nahudumia wazee katika nyumba moja ya wazee huku upande wa Penrith. Aneth ni mchumba wangu. Yaani, karibu mchumba. Kwao Marangu huwezi kuitwa mchumba mpaka mtu wa ukoo akuone, akukague, apeleke taarifa. Na mtu huyo ameshafika Sydney. Ni Shangazi Aikande, dada wa baba yake Aneth, amefikia kwa Aneth pale Lidcombe. Ni mama mnene, mpole, anayeuliza swali moja halafu ananyamaza mpaka ujichanganye mwenyewe.

Sasa, shangazi alikuja na shughuli nyingine. Usharika wao unataka kusimamisha msalaba wa jiwe mbele ya kanisa, wa aina ile ya kizamani ya Ulaya, yenye duara kubwa katikati na nakshi za kamba zilizosukana. Yeye ni mwenyekiti wa akina mama, na akina mama ndio wanaougharamia. Kwa hiyo alitaka kuuona mmoja kwa macho, aupime, ampelekee fundi vipimo.

Jumapili iliyopita tukiwa mezani akauliza kama huku misalaba ya aina hiyo ipo.

Mtu mwenye busara angesema, "Sijui shangazi, tutatafuta." Mimi nilikuwa nimeangalia kipindi kimoja cha televisheni kuhusu misalaba hiyo. Nusu yake. (Nusu ya pili nilisinzia, nilikuwa nimetoka zamu.)

"Shangazi," nikasema, "hilo niachie mimi. Misalaba ya zama za kati nimeisoma sana."

Aneth akaniangalia. Nikaendelea kula.

Leo nikawa na siku ya mapumziko. Kuna kanisa dogo la mawe shambani huko, ukishaipita Penrith unaendelea mpaka nyumba zinaisha na farasi wanaanza. Nililiona siku moja nikiwa nimepotea njia. Uani kuna makaburi ya zamani, na katikati ya makaburi kuna msalaba huo huo. Nikavaa suti. Ninayo moja, nyeusi. Na tai ninayo moja, nayo nyeusi. Nilitaka shangazi aone kijana nadhifu. Nilipofika Lidcombe kuwachukua, Aneth akanitazama kuanzia juu hadi viatuni.

"Eli, tunaenda kuangalia jiwe."

"Tunaenda kanisani," nikamjibu.

"Shikamoo shangazi," nikamgeukia shangazi.

"Marahaba mwanangu. Umependeza. Nani amefariki?"

Nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Tulifika kama saa saba mchana. Baridi ya Julai, upepo unatoka milimani unapita ndani ya soksi. Shangazi alikuwa amevaa kitenge, juu yake sweta, juu ya sweta koti la Aneth, na kofia ya sufu ya timu moja ya raga ambayo nadhani hajui ni ya timu. Hapakuwa na mtu. Kanisa limefungwa. Karibu na msalaba palikuwa na udongo umerundikwa, umefunikwa zulia la kijani. Nikajua ni watu wa bustani.

(Mimi ni mtu mzima. Nimeona udongo umerundikwa makaburini, nikasema ni watu wa bustani.)

Msalaba wenyewe ni mzuri, siwezi kuusingizia. Unanipita kimo. Jiwe la mchanga lenye rangi ya asali, kuvu za kijivu zimeshika upande wa kusini, nakshi za kamba zinapanda na kushuka bila mwisho. Pale kwenye duara pana matundu manne, kila pembe moja, unaona hadi ng'ambo. Shangazi akasimama mbele yake. Halafu akafungua mkoba, akatoa futi ya fundi cherehani, akaanza kupima. Aneth akawa anaandika vipimo kwenye simu.

Nikaona huu ndio wakati wangu.

"Shangazi, mbele yako una kitu cha miaka elfu moja," nikaanza. "Watawa walikichonga kwa mkono. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo jiwe ndilo lililokuwa kitabu chao."

Shangazi akatikisa kichwa kwa heshima. Akapima upana. Akauliza bila kugeuka:

"Na hawa wazungu walifika huku lini?"

Aneth akajibu, "Kama miaka mia mbili na ushee."

"Aa." Akakunja futi kidogo. "Basi huu ulitangulia peke yake?"

Nikasema waliuleta kwa meli. Nikasema ilikuwa desturi. Nikaeleza na namna walivyoufunga kwa kamba ili usizame. Wakati huo Aneth alikuwa amechuchumaa chini akisoma maandishi kwenye kitako.

"Imeandikwa hapa ni kumbukumbu ya mwenye shamba fulani na mke wake," akasema. "Ni wa karne ya kumi na tisa, Eli. Ni nakala."

"Nakala nzuri lakini," akasema shangazi kwa upole, na upole ule ndio ulioniua.

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini jamani, mwanamume akishateleza mbele ya wakwe haangalii tena anapokanyaga. Nikakumbuka kitu kutoka ile nusu ya kipindi niliyoiona. Walisema zamani huko kwao palikuwa na mawe yenye tundu, watu wanapitisha mkono wakiwekeana ahadi. Hilo ni kweli. Mimi nikaliongezea chumvi.

"Haya matundu unayaona shangazi? Walikuwa wanaapishana hapa. Mtu anaingiza mkono, anaulizwa maswali. Akisema uongo, mkono hautoki."

Shangazi akageuka. Mara ya kwanza siku hiyo akanitazama vizuri.

"Tia mkono," akasema.

"Shangazi?"

"Si ndivyo walivyofanya? Tia. Kaka kanituma nikuulize mambo fulani, na nilikuwa natafuta mahali pazuri pa kukuulizia."

Aneth akawasha kamera ya simu.

Nikatia mkono wa kulia kwenye tundu la chini. Lilikuwa jembamba kuliko nilivyodhani, lakini kwa kuwa nilikuwa naonyesha, nikausukuma wote hadi karibu na kwapa, nikakunja kiwiko upande wa pili nikawapungia. Shavu langu likawa limelalia jiwe. Jiwe la baridi kama samaki wa kwenye friza.

"Unasali?"

"Nasali, shangazi." (Zamu za Jumapili zikiniachia.)

"Una mtoto mahali? Singida, Dar, hapa?"

"Sina." Hilo nilisema kwa sauti kubwa.

"Pombe?"

"Situmii."

"Yule kuku wa nazi uliyetuletea siku ile, ulimpika mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu miwili."

"Haya. Toa mkono."

Mkono haukutoka.

Kwanza nilidhani natania mwenyewe. Nikavuta tena. Mkono wa koti ulikuwa umejikunja kwenye kiwiko, umekuwa donge, na kila nikivuta donge linajibana zaidi. Nikajaribu kusukuma mbele. Bega likagoma. Nikajaribu kujizungusha. Hilo sitawaeleza.

Shangazi hakucheka. Alikunja futi yake taratibu, akairudisha mkobani.

"Ni pombe, au ni kuku?"

"Ni koti, shangazi. Limejikunja kwenye kiwiko."

"Ni pombe, au ni kuku?"

Upepo ulikuwa unavuma. Vidole vyangu vya upande wa pili vilikuwa vinaanza kufa ganzi.

"Kuku alimpika jirani yangu," nikasema. "Mama mmoja Mrundi. Mimi nilikata vitunguu."

"Vuta."

Nikavuta. Wapi.

"Na pombe?"

"Bia moja moja, shangazi. Tukiwa na nyama choma."

"Vuta."

Wapi. Aneth alikuwa ameketi juu ya kaburi la mtu, amejishika mbavu, machozi yanamtoka. Shangazi akasema kama vile anazungumza na jiwe lenyewe, "Basi yako mengine." Na naapa kwamba kwa muda mfupi mimi mwenyewe nilianza kujikagua ni yapi.

Ndipo tukasikia magari.

La mbele lilikuwa refu, jeusi, limeosheka. Nyuma yake yakafuata mengine, polepole, taa zimewashwa mchana. Nikalitazama lile zulia la kijani. Nikautazama udongo. Hatimaye nikaelewa kwamba si watu wa bustani.

"Aneth, nivute," nikasema. "Nivute kwa nguvu zako zote."

"Nikivuta nitakuvunja. Mimi ni nesi, Eli, siwezi kukuvunja mbele ya mashahidi."

"Nyamazeni," akasema shangazi. "Ni msiba huu." Akavua kofia ya raga. Akatoa khanga mkobani, akajitanda. Akasimama pembeni yangu mikono imekutana, kama mtu aliyealikwa. Aneth naye akajifuta uso, akasimama upande wa pili. Mimi sikuwa na la kuchagua. Nikabaki vilevile, suti nyeusi, tai nyeusi, nimeukumbatia msalaba, shavu kwenye jiwe.

Waombolezaji hawakuwa wengi. Wazee kwa wazee, fimbo na viti vya magurudumu, mchungaji mwenye kanzu inayopeperuka. Wakashusha jeneza, wakalileta mpaka pale, hatua chache kutoka kwangu. Kila aliyepita aliniangalia, halafu akainamisha macho kwa huruma. Nikajua wanachokiona. Wanaona mtu mweusi aliyevunjika moyo kuliko wafiwa wenyewe.

Mjane akaja moja kwa moja kwangu. Bibi mfupi, mwembamba, lipstiki imewekwa vizuri. Akanishika mkono wa kushoto, ule ulio huru.

"Wewe ndiye kijana wa kule nyumba ya wazee, siyo?"

Jamani, mimi ni kijana wa nyumba ya wazee. Si ile aliyoisema yeye, lakini ni nyumba ya wazee.

"Yes," nikasema.

"Keith alikuwa akikutaja kila siku. Alisema ni wewe tu unayejua kumtilia chai. Asante kwa kuja, darling."

Nikataka kumweleza. Nilifungua mdomo. Lakini wakati huohuo nikajisogeza kidogo, kiwiko kikagonga jiwe pale penye mshipa unaopiga kama umeme, na machozi yakanitoka mawili makubwa. Bibi akayaona. Na yeye akaanza kulia. Akaniegemea pale kifuani, nami nikamshika kwa mkono mmoja, na shangazi akamshika mgongo, na tukawa watu watatu na msalaba mmoja.

Ibada ikaanza. Mchungaji alisoma vizuri. Tatizo lilikuja kwenye wimbo. Wale wazee walikuwa na baridi na huzuni, sauti zikawa zinatoka kama zinaomba ruhusa. Wimbo ukafa ubeti wa pili. Ukimya ukaingia, unasikia kamba za jeneza tu.

Shangazi Aikande amezika watu wengi Marangu. Hawezi kuona mtu anashushwa kaburini kimya. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Hawaimbi?" Na kabla sijamjibu, akaanza yeye. Kiswahili. Wimbo wa maziko wa kwetu, ule unaoanzia chini na kupanda. Aneth akamshikia sauti ya pili. Mimi nikaingia besi, uso umelala kwenye jiwe, na jiwe likaipokea besi likanguruma. Sijui kama niliwahi kuimba vizuri hivyo. Mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu akavua miwani. Mjane alikuwa amefumba macho anayumba kidogo kidogo.

Kama hadithi ingeishia hapo, leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Mchungaji akachota udongo kidogo, akaonyesha kwa mkono kwamba wapendwa wasogee. Mjane akarusha udongo wake. Halafu akanigeukia.

"Njoo, darling. Keith angependa wewe ufuate."

Watu wote wakageuka. Nikatabasamu ile tabasamu ya mtu anayetafuta pa kutokea.

"Siwezi," nikasema.

"Najua. Najua ni vigumu. Chukua muda wako."

"Hapana mama. Siwezi."

Mchungaji akaja akaniwekea mkono begani. Sauti yake ilikuwa laini sana. "Ni sawa kumwachilia, mwanangu. Mwachilie tu."

"Mchungaji," nikasema, "mimi nimeshaachilia. Ni msalaba ndio haujaniachilia. Mkono umenasa."

Kunguru mmoja akalia mtini. Mchungaji akazunguka taratibu hadi upande wa pili wa msalaba. Kule akakutana na kiganja changu, cha zambarau kidogo, kimetokeza kwenye tundu. Nilichezesha vidole ili aone kuwa ni kweli.

"Oh," akasema.

Nikaona niseme yote, maana nilikuwa nimechoka na mambo ya uongo mbele ya jiwe lile. Nikamwambia mjane kwamba simjui mume wake. Kwamba nafanya kazi nyumba nyingine kabisa. Kwamba nilikuja kupima msalaba, nikatia mkono kuwaonyesha wakwe, na koti likajikunja. Kwamba ninasikitika sana, na yale machozi yalikuwa ya kiwiko, ingawa wakati wa wimbo yalikuwa ya kweli.

Akanitazama. Midomo ile yenye lipstiki ikaanza kutetemeka. Nikajua sasa analia tena, na safari hii kwa sababu yangu.

Alikuwa anacheka. Alianza kidogo, mkono mdomoni, halafu ukamshinda. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Yule mzee wa kiti cha magurudumu akafuata, halafu mchungaji, halafu wale wahudumu wa mazishi ambao nadhani kazi yao hairuhusu. Walicheka kando ya kaburi, jeneza liko chini, na mjane akawa anasema huku anajifuta, "Keith aliwahi kunasa kichwa kwenye geti la ng'ombe. Siku ya harusi yetu. Siku ya harusi!"

Kwa kweli hapo nilimpenda Keith.

Siagi ikatoka kwenye ukumbi wa kanisa, ile waliyokuwa wameandalia mkate wa chai. Mhudumu mmoja wa mazishi akakata mkono wa suti yangu kwa mkasi, kuanzia begani, kwa umakini kama anafungua zawadi. Aneth akanipaka siagi kuanzia kwapani hadi kiganjani, na shangazi upande wa pili akawa anaelekeza: "Kiwiko. Ongeza kwenye kiwiko. Huyu ni mkavu." Wahudumu wawili wakanishika kiunoni. Mchungaji akahesabu.

Mkono ukatoka na sauti ambayo sitaki kuielezea, nami nikarudi kinyumenyume, nikakanyaga zulia la kijani, zulia likateleza. Mguu mmoja ukaingia kaburini. Ungenifuata mwili mzima kama si yule mhudumu kunidaka kwa tai. Nilining'inia pale kidogo, mguu wangu juu ya Keith, siagi inadondoka.

"Sasa rusha udongo," akasema mjane. "Umeshafika."

Nikarusha. Kwa mkono wa kushoto.

Walitulazimisha tubaki chai. Nilikaa ukumbini na koti lenye mkono mmoja, bibi mmoja ananifunga barafu kwenye kiwiko. Mikate ililiwa mikavu, kwa sababu siagi ilikuwa imevaliwa na mimi. Shangazi na mjane walikaa pamoja wameshikana mikono. Aneth alitafsiri mwanzoni, halafu akaona hahitajiki. Kila mmoja anasema kwa lugha yake, mwenzake anaitikia. Tulipokuwa tunaondoka mjane alimwomba shangazi auimbe ule wimbo tena, wakamrekodi kwenye simu. Akanibusu shavuni, lile lililokuwa limelala kwenye jiwe, ambalo bado lina alama ya nakshi.

Aneth akaendesha. Mimi mbele, mkono mapajani kama mtoto wa mtu mwingine. Shangazi nyuma kimya, hadi tulipofika karibu na Mount Druitt. Kisha akapiga simu. Marangu ilikuwa asubuhi. Shangazi akiwa kwenye simu hupaza sauti ili ifike kwa nguvu zake mwenyewe.

"Kaka? Nimemwona... Ndiyo, leo nimemwona vizuri... Kazi anayo... Kupika hapana. Vitunguu tu... Bia anakunywa, amekiri mwenyewe, msalabani... Hapana, si msemo kaka, msalabani kabisa."

Aneth akaangalia barabara. Mabega yalikuwa yanamtetemeka.

"Sikiliza kaka. Leo amezika mtu asiyemjua. Amemshika mjane, ameimba, na maumivu yale, hakumtolea mtu neno baya." Akasikiliza. "Naam. Mimi naona kijana ana moyo. Akili, hiyo tutaendelea kumwombea. Waambie wazee wake wa Singida walete posa."

Basi ndugu zangu, nadhani nimekubaliwa. Mkikutana nami wiki hii msinipe mkono wa pongezi, nipungieni tu kwa mbali.